Madaftari Sita ya Shangazi

Tarehe 9 Januari

Mwanangu Pipeti,

Nakusalimu mimi kwanza, maana nikisubiri uniamkie nitaota mvi zilizobaki. Hujambo? Kifua kimepona? Huku tu wazima. Baba yako anakohoa, lakini kaka yangu huyo anakohoa kwa mazoea, si kwa ugonjwa. Mimi magoti yananisema kila nikipanda ngazi za maabara, nami nayajibu.

Najua ulipiga simu mara tatu sikupokea. Usinune. Mimi na simu hatupikiki chungu kimoja. Neno la simu likishasemwa limekwenda zake. La barua naweza kulirudia kesho nikaona nilisema nini.

Haya, ulichoomba nimekubali. Madaftari sita uliyoyataka kwa kazi yako ya chuo nimempa dereva wa basi la asubuhi, nimeyafunga kwa nailoni juu ya nailoni. Ukiyapokea yapokee kwa mikono miwili. Ni miaka sita hiyo, mwanangu. Kila Jumamosi na kila likizo, wanafunzi wakishaondoka na mimi nikishaosha chupa zao, nimekaa na ile dawa ya kung'arishia vitambaa, peroksaidi, nikiitia unga wangu wa kutu na shaba na kuhesabu gesi inayotoka. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka tu kujua kwa nini kutu peke yake inaichemsha dawa ile polepole, lakini ukiongeza chembe ya shaba inachemka kama imetukanwa.

Sasa najua. Nimeipima kuanzia digrii thelathini hadi sitini, kila joto mara nne. Naweza kukuambia mmenyuko ule unakwenda kwa kasi gani, joto likipanda unaongeza mwendo kiasi gani, na kile kilima cha nishati ambacho chembechembe lazima zikipande kabla hazijavunjika kina kimo gani. Unga wangu unakishusha kilima. Siku nilipoiona ile grafu nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Nina masharti mawili. La kwanza ni majina. Kazi hii ikichapishwa iwe na majina mawili, langu na lako, na langu litangulie. Miaka ishirini na mitatu kwenye orodha ya wafanyakazi wa shule hii nimeandikwa "mwosha vyombo, maabara". Mwakani nastaafu. Kabla sijaondoka nataka karatasi moja tu hapa duniani iniandike kwa kazi niliyoifanya. Sitaki kingine chochote.

La pili, daftari la saba nimebaki nalo. Usichore chochote kabla hujaja tukalifungua pamoja, maana lina masahihisho ya vipimo vyangu na nataka nikuonyeshe kwa mkono. Siku mbili zinatosha. Kitanda chako nimekitandika.

Kula vizuri. Chai si chakula.

Shangazi yako


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini magoti yamepunguza mdomo na Baba amepunguza kikohozi. Mimi mzima, kifua kimepona, na ninakula, ingawa wanachotupa hapa bwenini kukiita chakula ni kukisifu.

Madaftari yamefika salama, hata kona moja haijakunjika. Shangazi, wewe ni mtu wa namna gani? Nilimpelekea Profesa wangu kurasa chache tu akavua miwani. Huyo mama havui miwani kwa ajili ya mtu. Kuna kiwanda cha nguo hapa mjini kinatafuta njia ya kung'arisha vitambaa bila kupoteza kuni na umeme mwingi, na unga wako ndio hasa wanaoutafuta. Nimekuwa kama nimelewa wiki nzima.

Kuhusu majina, hilo hata usiliwaze. Nitakuwa mtoto wa nani nikikusahau wewe, uliyenishikisha pipeti, kile kibomba cha kioo cha kupimia maji, kabla sijajua kushika kalamu sawasawa? Majina mawili, lako mbele. Hata jina la Pipeti ulinipa wewe.

Kuja mwezi huu siwezi, kazi zimenikaba. Wala usihangaike na hilo daftari la saba. Haya sita yanatosha, umeandika kila kitu kwa usafi mpaka raha.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Pipeti


Tarehe 30 Julai

Mwanangu,

Salaam. Sisi wazima, kama bado inakuhusu. Miezi mitano, Pipeti! Nimekuandikia mwezi wa nne, nimekuandikia mwezi wa sita, kimya. Nikasema labda anaumwa. Nikasema labda barua zimepotea. Mtu akimpenda mtu humtafutia udhuru mpaka udhuru wenyewe unachoka.

Jana dada yako alikuja na simu yake. "Shangazi, hebu mwone kaka alivyopendeza!" Kweli umependeza. Suti imekukaa. Umesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, na nyuma yako ukutani kuna grafu kubwa kama mlango.

Ile grafu ni yangu, mwanangu. Nukta zangu nazijua moja moja. Ile ya hamsini na tano iliyokaa pembeni kama mgeni asiyealikwa ni ya siku umeme ulipokatika nikaikamilisha kwa jiko la mkaa. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikatafuta majina. Nimeona moja tu, la kwako.

Dada yako aliniuliza mbona namrudishia simu upesi. Nikamwambia macho yanauma.

Sijakasirika bado. Nauliza tu. Jina langu liko wapi? Na hukuja kufungua daftari la saba, sasa umechoraje? Nijibu kwa barua, tena upesi.

Shangazi yako


Tarehe 18 Agosti

Shikamoo Shangazi yangu mpendwa,

Kwanza naomba radhi kwa kukaa kimya. Afya yangu nzuri, ni mawazo tu. Natumaini nyote hamjambo.

Shangazi, nilikuwa naogopa kukuambia. Nilipeleka majina mawili kama tulivyokubaliana. Profesa alilitoa lako. Alisema chuo hakina utaratibu wa kumwandika mwosha vyombo wa shule kwenye kazi ya kitaalamu, kwamba watu wataicheka. Nilipigana, Shangazi, nilipigana mpaka akaniambia nichague kati ya kunyamaza na kuanza upya. Ningefanya nini? Nilinyamaza kwa ajili yetu sote. Nikishapata shahada, mimi na wewe tutaandika nyingine, nzuri zaidi.

Lakini sikukusahau. Nimekuweka kwenye ukurasa wa shukrani, nakuletea nakala uione mwenyewe. Inasema: "Namshukuru Shangazi yangu kwa dua zake na upendo wake usiokoma." Wenzangu waliposoma walisema nina bahati.

Usinikasirikie.

Mwanao


Tarehe 6 Septemba

Wewe kijana,

Hujambo. Mimi sijambo, na nitaendelea kuwa sijambo, kwa hiyo hilo tuliache.

Dua? Mimi na Mungu wangu tunajuana, lakini sijawahi hata siku moja kupima gesi kwa dua! Nimepima kwa macho yaliyokuwa yanaona vizuri nilipoanza na sasa yanahitaji miwani. Nimepima nikiwa na homa. Nimepima siku ya harusi ya dada yako, nikachelewa kanisani, mkanicheka wote. Leo unaniandika dua na upendo, kama bibi kizee aliyekaa kitandani akikuombea ufaulu.

Hata hivyo ulinipata, nakiri. Nilisoma barua yako nikaamini. Nikamchukia yule mama wa watu siku tatu mfululizo, nikamwita kila jina. Siku ya nne nikamwandikia. Nilimwandikia kwa heshima, nikamuuliza kwa nini alinitoa.

Amenijibu. Nakunakilia, usije ukasema nimeongeza chumvi: "Mama, sijawahi kuletewa jina la mtu mwingine katika kazi hii. Mwanafunzi wangu alinieleza kwamba vipimo vyote alivifanya mwenyewe wakati wa likizo, na kwamba mwandiko wa madaftari ni wa msaidizi aliyekuwa akiandika anayotamkiwa. Kama mambo ni kinyume na hayo, niletee ushahidi nami nitausikiliza."

Anayotamkiwa! Nani alinitamkia? Wewe likizo zako ulikuwa unalala mpaka jua linakuchoma kisogo.

Kuniibia kungeweza kuniuma nikapona. Vijana wana tamaa, nami nilikuwa kijana. Lakini ulipoulizwa ukaniongopea, ukamtwika mama wa watu dhambi yako, na ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na hilo "nilipigana, Shangazi". Mimi niliyekuosha, niliyekulisha, mama yako alipokuwa hospitali. Kweli asante ya punda ni mateke.

Sikiliza sasa. Sijampelekea ushahidi wowote. Ninao: rasimu, tarehe, risiti za unga wa shaba, na mlinzi aliyenifungulia mlango miaka sita. Lakini nimekaa nao. Nenda kwake wewe mwenyewe, kwa miguu yako, useme ukweli kwa mdomo wako. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Ukifanya hivyo, mimi nitamwambia ni makosa ya ujana, na majina yatabaki mawili. Nakuapia.

Shangazi yako, hata sasa


Tarehe 14 Novemba

Shikamoo Shangazi,

Najua mwezi wa kumi umepita. Najua. Nilikwenda mara mbili mpaka mlangoni kwa Profesa nikarudi. Sasa mambo yameharibika na sina mtu mwingine wa kumwendea.

Kile kiwanda cha nguo kilifanya majaribio kwenye tangi kubwa, kwa kufuata jedwali langu. Walipasha joto hadi sitini. Kwa hesabu nilizowapa, dawa ilipaswa kuchemka polepole na joto linalozalishwa litoke taratibu. Badala yake iliongeza kasi, ikajipasha yenyewe, ikazidi kuongeza kasi, povu likafurika juu ya mfuniko. Mama mmoja aliyekuwa anasimamia tangi aliungua mkono mpaka kiwiko. Yuko hospitali. Wanasema atapona.

Profesa amerudia vipimo mwenyewe. Chini ya arobaini anapata kama wewe. Juu ya hapo hapati, na kila anavyopanda tofauti inaongezeka. Kimo cha kilima chake ni kirefu kuliko changu. Ameniuliza nilipimaje. Tarehe tano Desemba naitwa mbele ya jopo la chuo.

Nakuomba, Shangazi, nakupigia magoti, niletee daftari la saba. Nina hakika jibu limo humo. Na jambo moja zaidi. Wakikuandikia kukuuliza, sema mimi ndiye niliyekuwa nakuelekeza. Neno hilo tu. Wewe unastaafu mwakani, huna cha kupoteza. Mimi ndiyo kwanza naanza maisha.

Mwanao, Pipeti wako


Tarehe 19 Novemba

Pipeti,

Salamu zangu za kwanza leo ni za yule mama wa tangini. Nimemuuliza Profesa hali yake na wodi yake kabla sijakaa kukuandikia wewe. Katika barua yako yote hukumpa pole hata kwa mstari mmoja.

Jibu unalolitafuta ni hili. Kipimajoto changu ni kibovu. Chini ya arobaini kinasema kweli. Kuanzia hapo kinazidisha, na kikisema sitini, maji yako hamsini na nne. Niligundua mwaka wa pili, nilipoazima kipimajoto cha kiwanda cha maziwa nikavilinganisha digrii kwa digrii. Kingine sikuweza kupata, shule haina. Kwa hiyo nilifanya nilivyojifunza tangu zamani: daftarini naandika ninachokiona, si ninachokijua. Ukianza kuandika unachokijua, siku moja utaandika unachokitaka. Masahihisho yote yamo katika daftari la saba, kila safu na tofauti yake.

Ndiyo maana wale watu walipopasha tangi hadi sitini ya kweli, mmenyuko ulikimbia kuliko ulivyowaambia, kwa zaidi ya theluthi. Na ndiyo maana kilima chako ni kifupi. Hukukipima. Ulinakili.

Nilikuandikia kwa mkono wangu, usichore chochote kabla hujaja. Ukasema sita yanatosha.

Lakini na mimi nina kosa langu, na nimelilia siku mbili. Ningeweza kulifunga la saba pamoja na mengine. Nailoni ilikuwepo, kamba ilikuwepo. Nilibaki nalo makusudi, nikijua huwezi kumaliza bila hilo, ili uje nikuone. Ulikuwa hujaja nyumbani mwaka na nusu. Niliona aibu kukuambia njoo nimekukumbuka, nikatafuta hila. Hila ya mzee mpweke imemuunguza mtoto wa mwenzangu mkono. Hilo nitalijibu mimi, sikutwishi.

Daftari nimelinakili lote. Nakala moja nimeipeleka kiwandani, moja kwa Profesa, leo hii hii, na chini nimeweka sahihi yangu. Sikuipitisha kwako. Tarehe tano nitakuja mwenyewe.

Eti sina cha kupoteza! Nilikuwa na vitu viwili tu vya maana, kazi hii na wewe. Kimoja umekiiba, cha pili ulikiharibu kwa sentensi hiyo.

Bado kuna siku kumi na sita. Mlango wa Profesa uko palepale ulipokuwa. Ukiingia kabla yangu, nitakaa kiti cha nyuma nisiseme neno.

Shangazi yako


Tarehe 22 Machi

Pipeti,

Nakusalimu. Sijui uko wapi. Barua hii nampa dada yako, yeye anajua na mimi simuulizi.

Hukunijibu, wala hukuingia kwa Profesa. Nilikuja tarehe tano nikiwa na matumaini hadi kwenye kizingiti cha chumba cha jopo. Kisha nikakusikia. "Huyu mama anaosha vyombo shuleni kwetu, nilimwonea huruma nikampa kazi ya kuandika." Hata neno shangazi ulilimeza. Jopo zima likanitazama viatu.

Ulitoka walipoleta vyombo vya kupimia, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Waliniambia nipime. Niliomba maji, nikanywa, nikaanza. Nilipima kwa hamsini, nikapima kwa sitini kwa kipimajoto chao kizuri, na namba zikakaa juu ya zile za daftari la saba. Mzee mmoja wa jopo akauliza nilisoma chuo gani. Nikamwambia sikusoma, nilikuwa naosha. Hakuna aliyecheka. Ndipo wakaniuliza wewe ni nani wangu. Nilisema ni mtoto wa kaka yangu, vipimo ni vyangu vyote, na hukuwahi kuniamuru kitu. Niliyasema hayo tu. Yaliyokufukuzisha chuo si maneno yangu, ni yako uliyoyasema kabla, maana waliyaandika.

Baba yako alikuja wiki iliyofuata. Hakukaa. Alisema nimemwaga unga wa mtoto wake, kwamba damu ni damu, ningenyamaza. Nikamuuliza kama na wewe uliambiwa damu ni damu ulipokuwa unanakili. Akaondoka. Tangu hapo hajapita hapa, hata kukohoa kwake sikusikii. Mama yako akikutana nami sokoni anageukia mbogamboga. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye uliyepoteza peke yako.

Yule mama wa tangini nilimtembelea. Mkono umepona kwa ngozi, vidole viwili bado vizito. Nilimweleza lile la daftari nililolizuia. Akaniambia niondoke. Nimeondoka. Nitarudi tena, akinifukuza nitarudi.

Nakuandikia kwa sababu karatasi imefika leo mchana. Profesa ameituma kwa posta, katika bahasha ngumu isikunjwe. Juu kabisa kuna jina langu, herufi zote, la ukoo na la kwangu. Limekaa peke yake. Chini yake grafu, na nukta zote zimekaa mahali pake, na kilima kina kimo chake cha kweli. Niliisoma nimesimama. Niliisoma tena nimekaa.

Halafu nikainuka nayo mpaka mlangoni ili nimwite mtu aje aone. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mtu niliyetaka kumwita ni wewe.

Nimerudi ndani nimefunga mlango. Usinijibu.

Shangazi yako